Bibi Hacheki

Kazini walimwita Mama Funguo, na jina hilo lilimganda hata kuna mwezi mhasibu alijisahau akaliandika kwenye bahasha ya mshahara. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye magoti yanayolalamika kila akipanda ngazi, na kiunoni alining'iniza funguo kumi na saba kwenye pete moja ya chuma. Kila ufunguo ulifungwa kitambaa cha rangi yake, maana macho yalikuwa yameanza kumgomea. Ukimsikia anakuja hukuwa na haja ya kumwona.

Aliingia bustani ya wanyama akiwa mfagiaji wa njia za wageni, mjane kijana mwenye binti mdogo. Wala hakuwa na mapenzi yoyote na wanyama. Alitaka kazi yenye saa zinazoeleweka. Siku moja mzee aliyekuwa akitunza sokwe aliteleza kwenye sakafu yenye maji akaumia mgongo, nao wakubwa wakamwomba mfagiaji ashike ndoo kwa wiki mbili tu. Wiki mbili hizo zilizaa miaka ishirini na minne.

Yule mzee hakurudi tena kazini moja kwa moja, lakini alikuwa akija kwa mkongojo na kukaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jiko la sokwe, akimfundisha. Alimfundisha kuchemsha viazi, kukagua makufuli mara mbili, na kutompa mgongo dume hata akiwa amelala. Na alimfundisha nyuso. "Sokwe akifurahi," alisema, "mdomo unalegea, unafunguka, lakini meno ya juu huyaoni. Akikuonyesha meno yote, ya juu na ya chini, kama mtu anayepigwa picha, hapo jua anaogopa. Watu wanadhani anacheka. Usiwe mtu, wewe. Kuwa mtunzaji."

Bibi aliletwa mwaka wa pili. Alikuwa jike wa miaka kumi hivi, na uso wake ulikuwa na makunyanzi ya kizee tangu utotoni, ndiyo maana wakampa jina hilo. Maafisa walikuwa wamemnyang'anya mpiga picha mmoja aliyekuwa akimvisha suruali na kofia na kumsimamisha kwenye lango la viwanja vya michezo ya watoto, wazazi wapige naye picha. Mpiga picha mwenyewe alikuja naye siku ile ya kumkabidhi, na hakuwa na aibu hata chembe. Alikuwa kama mtu anayemwachia jirani ufunguo wa nyumba na maelekezo ya kuwasha jiko.

"Mkitaka acheke," alisema, "ni rahisi. Makofi matatu, hivi."

Akapiga makofi. Sokwe akafunua meno yote, juu na chini, ufizi ukaonekana mwekundu.

"Ulimfundishaje?" Mama Funguo aliuliza.

"Makofi matatu, halafu mkanda. Siku hizi mkanda wala hauhitajiki."

 Jioni ile Mama Funguo aliomba kipande cha mbao na rangi kwa fundi, akaandika kwa mkono wake, herufi zikipanda na kushuka: TAFADHALI USIPIGE MAKOFI. Akaugongomea ubao ule mbele ya kioo cha nyumba ya sokwe. Kisha akaanza kungoja. Kila asubuhi alikaa nje ya wavu akimenya yai la kuchemsha, nusu akala yeye, nusu akainyoosha kwenye tundu. Miezi minane alikula nusu yake, na nusu ya Bibi ikaanguka chini ikawa ya sisimizi. Mwezi wa tisa kidole kirefu cheusi kilitoka, kikagusa yai, kikagusa na ukucha wa Mama Funguo. Alirudi nyumbani akamwambia binti yake, "Leo nimesalimiwa." Binti, aliyekuwa akifanya hesabu zake za darasa la tatu, akauliza, "Na nani?" Akasema, "Na mtu mmoja mgumu sana."

Kuanzia hapo mambo yalikwenda. Bibi alizoea wenzake, akazoea uwanja wa nje wenye magogo ya kupandia, akajifunza kutoka na kuingia kwa sauti ya Mama Funguo peke yake. Mlango wa chuma wa kuteleza ulipofunguliwa, wengine walitoka mbio. Bibi alisimama kizingitini akasubiri. Mama Funguo akisema, "Njoo, mama, njoo," alitoka. Asiposema, hatoki, hata uweke mbele yake kikapu cha zabibu. Miaka ikapita bila Mama Funguo kumwona akifunua meno yote, hata mara moja.

Bustani ilianza kuchakaa. Wageni walipungua, paa la nyumba ya ndege likavuja, twiga akafa hakununuliwa mwingine. Ndipo akaja mkurugenzi mpya, na mkurugenzi mpya akamleta afisa wa mitandao.

Huyu alikuwa kijana mtanashati, mwenye adabu zake, tena si mnafiki. Kila akikutana na Mama Funguo aliuliza habari za magoti, na alisikiliza jibu. Kwa kuwa kila sentensi yake ya tatu ilikuwa na habari ya watu wangapi wamependa kitu gani kwenye simu, wafanyakazi walimbatiza Bwana Laiki. Alijua wanavyomwita, akacheka, akaanza kujitambulisha hivyo mwenyewe.

Haki ya mtu isipotee: kazi yake aliijua. Aliweka kamera kwenye pango la kakakuona, na watu ambao wasingemwona mnyama yule maishani wakamwona akilisha mtoto wake. Aliwapigisha watoto kura ya kumpa jina kinyonga. Alitengeneza mchezo wa simu ambao ukijibu maswali matano kuhusu twiga, twiga wa katuni anakula jani. Langoni akasimamisha skrini kubwa kama ukuta wa nyumba. Wageni wakarudi. Paa likaezekwa. Mama Funguo mwenyewe alisema jikoni, mbele ya watu, kwamba kijana yule amewatoa shimoni, na alimaanisha.

Halafu wakaja wanafunzi wa shule moja ya msingi, watoto themanini. Mwalimu wao alikuwa mwanamke mchangamfu asiyesoma mabango. Walipomaliza kutazama sokwe alisema, "Haya, watoto, tuwashukuru wanyama. Moja, mbili, tatu!" Wakapiga makofi matatu ya pamoja, mazito, kama shule zinavyofundisha.

Bibi alikuwa karibu na kioo. Akafunua meno.

Watoto walilipuka kwa furaha. Simu ya mtu ilikuwa juu. Kabla ya saa za kufunga, Bwana Laiki alikuwa ameipata ile video, ameipunguza ikabaki sekunde tisa, ameiwekea muziki na kuandika: Bibi akishukuriwa. Siku ya tatu ilikuwa imetazamwa na watu milioni nne.

Mama Funguo alimfuata ofisini. Alikuwa na buti za mpira bado, akasimama mlangoni asichafue zulia.

"Ile video uitoe, mwanangu."

"Mama Funguo! Karibu, kaa. Umeona lakini? Milioni nne!"

"Nimeona. Yule hacheki." Akamweleza yote: mpiga picha, makofi, mkanda. Kijana alisikiliza bila kugusa simu, na kwake hilo lilikuwa jambo kubwa.

"Pole yake," alisema mwishowe, na ilionekana imemwingia. "Lakini mama, hiyo ilikuwa zamani. Sasa hakuna mkanda. Na watu wanampenda."

"Wanapenda anavyoogopa."

"Wao hawajui hilo. Wanachojua wao ni upendo." Akafikiri. "Tufanye hivi. Mara moja kwa wiki, dakika tano. Na uwe wewe naye, usiwe mtu mwingine. Wewe unamjua. Ukiona hayuko sawa, unasimamisha. Neno lako ndilo la mwisho."

Mama Funguo alikubali. Alijiambia amekubali kwa sababu asipokuwepo yeye atakuwepo mwingine asiyejua kitu, na hilo lilikuwa kweli. Lakini ukweli huwa na chumba cha uani. Alishonewa sare mpya yenye jina lake la utani kifuani kwa uzi wa dhahabu. Alipokwenda sokoni, muuza nyanya alikataa hela yake akaomba picha. Binti yake, aliyekuwa na saluni yenye viti vinne, alisema wateja wanakuja kumuuliza kama ni kweli yeye ni mtoto wa Mama Funguo. Mjukuu alipewa nafasi ya mbele katika sherehe ya shule. Na mawifi zake, upande wa marehemu mumewe, ambao kwa miaka yote kwenye harusi walimweka meza ya karibu na masufuria, sasa walimpigia simu kumuuliza atavaa nini. Mtu aliyefagia kinyesi miaka ishirini na zaidi akisikia watu wanalitaja jina lake, moyo humwendea mbio kidogo. Ulimwendea. Baadaye, katika yote, hilo ndilo alilojisamehe kwa shida zaidi.

Mara moja kwa wiki ikawa mara tatu. Mara tatu ikawa kila siku, saa kumi alasiri. Mafundi walileta majukwaa ya kukalia na spika mbili zenye urefu wa mtoto wa miaka sita. Ubao wa TAFADHALI USIPIGE MAKOFI uling'olewa, kwa kuwa, alivyosema fundi kwa haya, "Mama, unapingana na kipindi." Na neno lake la mwisho? Alilitumia mara mbili. Mara ya kwanza waliheshimu. Mara ya pili mkurugenzi alishuka mwenyewe akamwuliza mbele ya wageni kama anaumwa.

Kazi yake ilikuwa nyepesi mno. Alisimama nyuma ya mlango wa kuteleza akasema, "Njoo, mama, njoo." Bibi alimtazama, akasikia minong'ono ya watu huko nje, akarudisha macho kwake. Akatoka. Halafu Bwana Laiki kwenye kipaza sauti: "Tumpigie Bibi makofi yake! Moja! Mbili! Tatu!" Na watu mia tano, baba na mama na watoto mabegani, wenye nia njema kabisa, walipiga.

Mwezi wa tatu wa kipindi Bibi alianza kujinyonyoa. Alianza na mkono wa kushoto, kiwiko hadi kifundo, unyoya mmoja mmoja, kwa utulivu, kama mwanamke anayechambua mchele. Kisha tumbo. Daktari wa wanyama, mwanamume mpole aliyechukia ugomvi kama paka anavyochukia maji, aliandika ripoti ya kurasa mbili kwa mkurugenzi. Alijibiwa kwamba imezingatiwa. Kwenye video, Bwana Laiki alitumia kitu cha kulainisha picha, mkono ukaonekana una manyoya. "Si kudanganya, mama," alisema, na safari hii hakumtazama usoni. "Ni kama poda."

Jumapili moja Mama Funguo alikuwa kwa binti yake. Binti alikuwa akiandika kwenye simu, akicheka peke yake, kisha simu ya Mama Funguo ikalia ndani ya mkoba: kundi la familia. Wifi mkubwa alikuwa ametuma kichekesho, na binti amemjibu kwa stika. Stika ilikuwa uso wa Bibi. Meno yote, juu na chini.

"Hii mnaitumia lini?" Mama Funguo aliuliza.

"Kitu kikichekesha. Kila mtu anayo, mama. Hata mwalimu mkuu wa shule anatuma hiyo."

"Mwanangu, huyu hapa anaogopa. Anadhani atachapwa."

Binti aliitazama simu, akamtazama mama yake. "Mama, ni stika tu."

Mjukuu, aliyekuwa kwenye kochi, akatoa meno yote kumwigiza Bibi ili kumfurahisha nyanya yake. Mama Funguo aliinuka akasema anakwenda kuosha vyombo, na vyombo vilikuwa vimekwisha kuoshwa.

Siku ya mwaka mmoja wa kipindi, ilitangazwa kwamba kutakuwa na matangazo mubashara na watazamaji watauliza maswali kutoka popote walipo. Majukwaa yalijaa, watu wakasimama hadi kwenye nyumba ya kasa. Bwana Laiki alivaa koti. Baada ya makofi na meno na kelele, alimkabidhi Mama Funguo kipaza sauti, akasoma swali kutoka kwenye simu yake: "Hili ni la mtoto wa miaka saba. Anasema, Mama Funguo, Bibi huwa anacheka nini?"

Swali lilikuwa jepesi. Wiki nzima alikuwa amepewa majibu ya kukariri, na la swali hili alikuwa nalo: anacheka kwa sababu ninyi wageni ni wazuri. Alifungua kinywa alitoe. Nyuma ya kioo Bibi alikuwa amejibana kwenye pembe ya gogo, mkono mtupu umekumbatia tumbo tupu.

"Hacheki," Mama Funguo alisema. "Anaogopa."

Spika zile mbili zililibeba neno hadi langoni. Pakawa kimya, kimya cha watu elfu moja ambao hawajui waweke wapi nyuso zao.

"Aliyekuwa naye zamani alikuwa akipiga makofi matatu halafu anamchapa mkanda. Kila mkipiga makofi anangoja mkanda. Mimi nalijua hilo siku zote. Na mimi ndiye ninayemwita anatoka."

Pengine kama angelia, wangeelewa. Lakini hakulia, alisema kwa sauti yake ile kavu ya kila siku, ya kuagiza viazi. Mtu mmoja huko juu akacheka, kicheko cha wasiwasi. Wa pili akamfuata. Bwana Laiki, ambaye uso wake ulikuwa umekwisha rangi, alikiona kicheko kile kama mtu anayezama anavyoliona gogo.

"Mnamwona Mama Funguo wetu!" alisema, akiuchukua mkono wake na kipaza sauti kwa pamoja. "Leo ameamka na vichekesho vyake! Hacheki, anaogopa! Makofi kwa Mama Funguo!"

Wakapiga. Jukwaa zima. Mama Funguo aligeuka kwenye kioo kwa mazoea, na akaona alichojua atakiona.

Kesho yake sentensi yake ilikuwa kila mahali. Hakuna aliyeifuta wala kuificha. Alizoea kudhani kwamba ukweli huwa unafichwa, kumbe unaweza kuachwa uende zake ukafie sokoni. Watu waliibandika kwenye picha ya bwana harusi anayetabasamu kando ya mama mkwe: Hacheki, anaogopa. Kwenye picha ya mfanyakazi aliyesimama na bosi wake. Kwenye mume aliyeshika simu mke akiwa mlangoni. Wakaitilia ngoma, ikachezwa. Duka la langoni likauza fulana zenye meno ya Bibi mbele na maneno ya Mama Funguo mgongoni, na zikaisha kwa siku nne. Wapo walioelewa. Chama kimoja cha kutetea wanyama kiliandika barua, na watu wachache waliandika maneno makali. Bustani ikatoa taarifa kwamba Bibi yuko chini ya uangalizi wa wataalamu. Lakini wengi walikuja. Walikuja zaidi kuliko mwanzo. Mwanzo walikuja kuona sokwe anayecheka. Sasa walikuja kujionea kama kweli anaogopa, na walipiga makofi kwa nguvu zaidi wapate kuhakikisha.

Mkurugenzi alimwita. Alimmiminia chai mwenyewe.

"Hatukufukuzi. Nani amfukuze mtu anayependwa hivyo? Pumzika kidogo jikoni kwenye chakula. Magoti yako yanahitaji kukaa."

Basi akakaa jikoni, akikata kabichi na karoti za wanyama wote. Mtunzaji mpya, mwanamume mwenye mikono mizuri na nia nzuri, alisimama nyuma ya mlango wa kuteleza akasema, "Njoo, mama, njoo." Bibi hakutoka. Siku ya pili hakutoka, wageni wakazomea. Siku ya tatu, kutoka jikoni, Mama Funguo alisikia mpira wa maji ukifunguliwa ndani ya nyumba ya sokwe. Ni sauti anayoijua. Ni ya kuoshea sakafu. Halafu akasikia sauti nyingine juu ya ile ya maji. Akaacha kisu juu ya kabichi.

Alimkuta mkurugenzi kwenye ngazi. "Waambie waache."

"Nikiwaambia waache, nani atamtoa?" Hakuwa amekasirika. Alikuwa amechoka, mtu mwenye wafanyakazi tisini na wanyama mia tatu mgongoni. "Nitakuambia ukweli, dada. Sipendi maji yale. Basi mwite wewe."

Hakuna aliyemshika mkono, hakuna aliyemtisha. Angeweza kwenda nyumbani. Alisimama pale kwenye ngazi akapima: maji, au sauti yake. Akaona sauti yake ni nafuu. Akaenda.

Siku kumi na moja alimwita, na siku kumi na moja Bibi alitoka. Ya kumi na mbili mlango ulifunguliwa, na huko nje watu, bila hata kungoja kuongozwa, walianza makofi yao. Bibi alikuwa kizingitini.

"Njoo, mama, njoo."

Bibi alimtazama. Hakufunua meno. Alimkaribia hadi kwenye wavu, akamwangalia kwa karibu, muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ili aone kama mwandiko ni wa yule anayemfahamu. Kisha akampa mgongo. Akapanda hadi kwenye rafu ya juu kabisa ya chumba cha kulala, akavuta gunia la kulalia, akajifunika kichwa.

Aliita tena. Aliita mpaka sauti ikakwaruza. Nje walikuwa wakizomea.

"Nifungue maji?" mtunzaji mpya aliuliza nyuma yake, kwa woga.

"Ukigusa koki hiyo," Mama Funguo alisema, "nitakufungia humu pamoja naye na funguo nitazitupa kwenye bwawa." Na kwa jinsi alivyosema, kijana hakugusa koki.

Mngedhani hapo ndipo dunia ingesimama itafakari. Wiki ileile kiboko alizaa. Mtoto alikuwa wa mviringo, anang'aa kama kiatu kipya, akipiga chafya akishangaa chafya yake mwenyewe. Bwana Laiki alihamisha kamera, kisha spika, na kabla ya mwezi kwisha mafundi walikuja na spana wakayafungua majukwaa wakayapeleka bwawani. Hakuna aliyetangaza kwamba kipindi cha Bibi kimekwisha. Hakuna aliyeuliza. Miezi sita baadaye Bwana Laiki alipata kazi kwenye bustani kubwa zaidi, ya nchi nyingine, akaja kuaga idara kwa idara. Mbele ya Mama Funguo alisimama kidogo.

"Mama, nilijaribu kutenda mema."

"Najua," alisema Mama Funguo. "Ndiyo maana sina hata mtu wa kumchukia."

Alirudishwa kwa sokwe, kwa kuwa sasa haikuwa na maana kumzuia. Manyoya ya Bibi yaliota tena tumboni, mkononi hayakuota. Daktari alipata ujasiri akaidhinisha mbao zizibe nusu ya kioo, na wageni wa upande huo walilalamika kwamba hakuna cha kuona. Lakini Bibi hakuja tena kwenye wavu Mama Funguo akiwepo. Akisikia funguo, anapanda rafuni. Mama Funguo aliziweka funguo mfukoni, amezizungushia kitambaa. Bibi akajifunza mlio wa buti. Alileta mayai, akayaacha. Alipofika mwisho wa korido na kufunga mlango wa mbali, ndipo aliposikia gunia likisogea, na mikono ikishuka chuma kwa chuma kwenda kwenye chakula.

"Miezi minane ulingoja mara ya kwanza," binti yake alimwambia. Saluni ilikuwa imefungwa, alikuwa akimsuka mama yake, na alisema kwa kumfariji. "Ngoja tena."

"Mara ya kwanza alikuwa hanijui."

Binti aliendelea kusuka. Baada ya msuko mwingine alisema, taratibu, "Ile stika nilishaifuta." Mama Funguo aliinua mkono, akaugusa mkono wa binti yake kichwani pake, akauacha hapo kidogo.

Ulipobaki mwezi mmoja astaafu, daktari alimwomba aandike karatasi kwa ajili ya atakayempokea: kila mnyama, chakula chake, maradhi yake, tabia zake. Alikaa nayo jikoni siku mbili, miwani puani. Kwa dume kubwa alijaza ukurasa mzima. Kwa wadogo wawili, nusu nusu. Kwa Bibi aliandika uzito, jino bovu la chini upande wa kulia, viazi vitamu visiwe vya moto. Penye tabia aliandika neno moja: Asiitwe.

Daktari alisoma, akageuza karatasi kuona kama kuna kitu nyuma.

"Ndiyo hilo tu?"

"Ndiyo hilo tu."

"Atakayekuja hataelewa."

"Hana haja ya kuelewa, daktari. Aache tu mlango wazi, aondoke." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sare, akainua ndoo ya maganda na kutoka nayo nje.